Kisu, Skrubu na Papai

Mwezi Desemba 1932, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, kijana wa miaka 28 alipandishwa meza ya upasuaji akiwa na maumivu yaliyoanzia kiunoni na kuteremka mguuni. Yalimwanza baada ya kuumia akiteleza kwenye theluji. Daktari wake wa mifupa, Joseph Barr, alikuwa amejaribu tiba za kawaida zisifue dafu, ndipo akampeleka kwa William Jason Mixter, bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mixter alitarajia kukuta uvimbe. Alifungua mgongo, akaona kinyama kimeibana neva, akakitoa. Kwa desturi ya siku zile jina lake lilikuwa tayari: uvimbe wa gegedu.

Barr hakuridhika. Kinyama kile kilitazamwa kwa hadubini sambamba na diski ya kawaida, ile gegedu inayokaa kati ya pingili moja na nyingine, na havikuonekana kutofautiana. Basi wakaanza kupekua vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa hospitalini kwa jina la uvimbe wa gegedu. Vingi vilikuwa vipande vya diski zilizopasuka. Agosti 1934 wawili hao walichapisha visa 19 katika jarida la New England Journal of Medicine, na tangu hapo maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni yakawa na sababu inayoweza kushikwa kwa koleo.

Hawakuwa wa kwanza kuishika. Mjini Berlin mwaka 1908, Fedor Krause alimpasua mgonjwa aliyeletwa na mwenzake Hermann Oppenheim, akatoa kipande cha diski, naye akaamini ametoa uvimbe. Mwaka 1929 Walter Dandy wa Baltimore alieleza wagonjwa wawili ambao vipande vya gegedu vilivyochomoka vilikuwa vimeibana mishipa ya uti wa mgongo kama uvimbe ufanyavyo. Huko Dresden, Georg Schmorl alikuwa amechunguza maelfu ya migongo ya maiti na kuchora kila namna diski inavyochakaa. Kilichokosekana kwa wote hao ni mtu wa kuunganisha kinyama cha mezani na mamilioni ya watu waliokuwa wakichechemea mitaani.

Kabla ya hapo mgonjwa wa kiuno alikuwa wa kukandwa, kuchuliwa na kuvumilia. Wafuasi wa Hippocrates walikuwa na benchi la kumlaza mtu kifudifudi na kumvuta kwa kamba huku na huku. Pwani ya Afrika Mashariki mambo yalikuwa ya upole zaidi: mafuta yaliyopashwa moto, mkono wa mchuaji, na pembe ya kuumikia kwa wenye imani nayo. Mwaka 1764 Domenico Cotugno wa Naples alitenganisha maumivu yanayotoka kwenye neva na yale ya kiungo cha nyonga. Zaidi ya miaka 100 baadaye kikaja kipimo ambacho daktari wa Muhimbili au wa Kenyatta hukifanya mpaka leo: mgonjwa analala chali, mguu unainuliwa ukiwa umenyooka, na iwapo neva imebanwa, maumivu hupiga kuanzia kalioni hadi chini ya goti. Kipimo hicho kina jina la Mfaransa Charles Lasègue, ingawa aliyekiandika ni mwanafunzi wake, J. J. Forst, katika tasnifu ya 1881. Mwaka mmoja kabla, daktari wa Belgrade aitwaye Laza Lazarević, ambaye Waserbia wanamjua zaidi kwa hadithi zake fupi, alikuwa amekieleza na kukifafanua vizuri. Aliandika kwa Kiserbia. Paris hawakusoma.

Kiuno kina pingili tano. Kila diski ina kiini laini chenye maji mengi, kilichozungukwa na pete ngumu ya nyuzi. Umri ukienda kiini hukauka, pete hupata nyufa, vinundu vya mfupa huota pembeni, na kano zilizo ndani ya mfereji wa neva hunenepa. Kutokana na uchakavu huo huja matatizo matatu ambayo watu huyachanganya, na bila kuyatenga haiwezekani kulinganisha upasuaji wowote. La kwanza ni diski kupasuka na kubana neva moja. La pili ni mfereji mzima kuwa mwembamba. La tatu ni kiuno kuuma chenyewe, bila neva iliyobanwa, na hili ndilo lililozaa ugomvi mkubwa kuliko yote.

Kwa tatizo la kwanza, safari ilikuwa ya kupunguza jeraha. Katika upasuaji wa awali matao ya nyuma ya pingili yaliondolewa kwa upana. Mwaka 1939 Grafton Love wa Mayo Clinic alionyesha kwamba mara nyingi mtu anaweza kupita katikati ya matao mawili bila kuyaondoa. Mwaka 1977 Gazi Yaşargil, Mturuki aliyekuwa akifanya kazi Zurich, na Mjerumani Wolfhard Caspar walichapisha, kila mmoja kwa upande wake, njia ya kufanya kazi hiyo kwa darubini ya upasuaji. Miaka 20 baadaye Wamarekani Kevin Foley na Maurice Smith waliipitisha kwenye mrija uliopenyezwa katikati ya misuli.

Siku hizi kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa aliyepigwa nusu kaputi hulazwa kifudifudi, tumbo likining'inia bila kugusa meza, kwa sababu tumbo likibanwa damu hujaa kwenye vena za mgongo na daktari haoni kitu. Eksirei hupigwa kuhakikisha ni pingili ipi, maana kufungua ngazi isiyo yenyewe ni kosa ambalo hata mabingwa hulifanya. Ngozi hukatwa sentimita mbili au tatu, msuli husogezwa, kano ya manjano hufunguliwa, na neva huonekana imetandikwa juu ya uvimbe mdogo. Huvutwa kando taratibu. Chini yake koleo hutoa kipande cheupe chenye nyuzinyuzi, mfano wa nyama ya kaa. Mara nyingi mgonjwa huamka mguu umeacha kuuma. Ni mojawapo ya furaha za haraka kabisa katika udaktari wa upasuaji, na pengine ndiyo sababu kwa miaka mingi wapasuaji hawakuona haja ya kuuliza ingekuwaje kama wasingempasua.

Tatizo la pili lilipata mtetezi wakati Ulaya ilipokuwa ikitoka vitani. Henk Verbiest wa Utrecht, Uholanzi, aliona watu wazima ambao wakiwa wamelala walikuwa wazima kabisa, lakini wakisimama au kutembea kidogo miguu iliwalemea kwa maumivu na ganzi, hadi wakae. Aliandika kwa Kifaransa mwaka 1949 na kwa Kiingereza mwaka 1954 kwamba mfereji wao ulikuwa mwembamba tangu asili. Kuinama huupanua mfereji kidogo, kusimama wima huufinya. Ndiyo maana mzee wa namna hii anaweza kwenda kwa baiskeli hadi kijiji cha pili lakini asifike dukani kwa miguu. Dawa yake ni kuondoa tao la nyuma la pingili ili neva zipate nafasi. Wenzake walichukua miaka kumwamini.

Kuunganisha pingili kwa mfupa ni habari nyingine kabisa, na haikuzaliwa kwa ajili ya uchakavu. Ilizaliwa kwa ajili ya kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa uliovunja migongo ya watoto na kuwaacha na kibiongo, ambao Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1779. Mwaka 1911 mjini New York, Russell Hibbs na Fred Albee, bila kushirikiana, waliunganisha pingili zilizooza ili zikauke zikiwa mfupa mmoja. Hibbs alitumia vipande vya mfupa wa pale pale mgongoni. Albee alikata kipande cha mfupa wa muundi akakipachika kati ya miiba ya pingili iliyopasuliwa. Kwa mtoto ambaye mgongo wake unaporomoka, hoja ilikuwa wazi: kisichotikisika hakiporomoki zaidi. Kuihamisha hoja hiyo hadi kwa karani wa miaka 45 anayelalamika kiuno lilikuwa jambo jingine, lakini ilihamishwa.

Ralph Cloward wa Honolulu alikuwa miongoni mwa waliokwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1940 alianza kutoa diski yote kwa nyuma na kujaza vipande vya mfupa mahali pake, njia aliyoichapisha mwaka 1953. Kutokea mbele, kupitia tumboni, njia ilikuwa imefunguliwa mwaka 1933. Vyuma vilifuata, navyo pia vilitoka kwenye magonjwa mengine. Paul Harrington wa Houston alitengeneza fimbo zake kwa watoto ambao polio ilikuwa imewapinda uti wa mgongo. Raymond Roy-Camille wa Paris, kuanzia mwaka 1963, alipitisha skrubu kwenye shina la pingili, ule mfupa mnene unaounganisha mbele na nyuma. Skrubu hizo zilishika vizuri kuliko chochote kilichotangulia. Ilipofika miaka ya 1990, zilikuwa zimegeuka biashara kubwa.

Hatari ya kuunga mgongo kwa chuma ilikuwa imeshaonwa kwa mgonjwa maarufu kuliko wote. John F. Kennedy alipasuliwa mara ya kwanza mwaka 1944, akiwa afisa wa jeshi la majini, naye hakupata nafuu ya maana. Oktoba 1954, akiwa seneta, alikwenda New York kuungwa pingili kwa bamba la chuma, ingawa alikuwa na ugonjwa wa tezi za juu ya figo uliofanya upasuaji wowote kuwa wa hatari kwake. Akapata maambukizo, akapoteza fahamu, padri akaitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Akanusurika. Februari 1955 bamba liliondolewa kwa sababu jeraha lilikuwa limeoza, na mwaka 1957 akarudi tena mezani kutolewa usaha. Alipokuwa Ikulu ya Marekani, daktari aliyemsaidia kuliko wengi alikuwa Hans Kraus, ambaye silaha yake ilikuwa mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo na mgongo, mara kadhaa kwa wiki.

Katikati ya visu na vyuma lilitokea tunda. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba papai bichi hulainisha nyama ngumu. Utomvu wake una vimeng'enya vinavyovunja protini. Utomvu huo uliokaushwa, papaini, ulikuwa zao la biashara la Tanganyika na la mashariki ya Kongo wakati wa ukoloni. Mwaka 1956 Mmarekani Lewis Thomas alimdunga sungura papaini, na masikio yake yakalegea, kwa kuwa gegedu iliyoyasimamisha ilikuwa imelainika. Daktari wa mifupa wa Illinois, Lyman Smith, akajiuliza kama kimeng'enya cha papai kinaweza kuyeyusha kiini cha diski. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuwadunga binadamu kimopapaini, kimeng'enya cha utomvu huohuo, na mwaka 1982 serikali ya Marekani ikaiidhinisha.

Ajabu ni kwamba papai lilipimwa kwa haki kuliko visu vilivyolitangulia. Huko Adelaide, Australia, Robert Fraser aliwagawa wagonjwa 60 kwa bahati nasibu: nusu walidungwa kimopapaini, nusu maji ya chumvi, na si mgonjwa wala mpimaji aliyejua nani kapata nini. Dawa ilishinda. Hata hivyo baadhi ya watu mwili uliikataa kwa ghafla na kwa ukali, na wachache walipooza baada ya sindano kwenda vibaya. Madaktari waliogopa, wakaiacha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoweka madukani. Njia iliyokuwa na ushahidi mzuri ilikufa huku nyingine zisizo na ushahidi zikistawi, jambo linaloeleza mengi kuhusu fani hii.

Diski ya bandia nayo ina kisa chake. Mwaka 1966 Msweden Ulf Fernström alieleza jinsi alivyoweka gololi za chuma mahali pa diski. Nyingi zilizama kwenye mfupa. Waliofaulu kuleta kitu cha kudumu walikuwa Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz wa hospitali ya Charité, Berlin Mashariki, ambao kifaa chao kilianza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 1984. Büttner-Janz alikuwa na sababu ya kuujua mgongo kwa ndani: mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alikuwa ametwaa medali mbili za dhahabu katika jimnastiki. Marekani iliidhinisha kifaa hicho mwaka 2004 kwa hoja kwamba si duni kuliko kuunga pingili. Shida ni kwamba kuunga pingili kwenyewe kulikuwa bado hakujathibitishwa, na kushinda au kutoka sare na asiyejulikana nguvu zake si ushindi wa kujivunia.

Mwaka 1992 kundi lililoongozwa na Judith Turner wa Seattle lilikusanya ripoti zote lililozipata kuhusu kuunga pingili za kiuno. Hapakuwa na hata jaribio moja lililogawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Asilimia ya waliopata matokeo ya kuridhisha ilianzia 16 hadi 95, kutegemea unamsoma nani. Wakati huohuo kipimo cha MRI kilikuwa kinazidi kuwatia watu hofu. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake waliwapima watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotokeza mahali fulani. Mwaka huohuo wakala wa serikali ya Marekani alitoa mwongozo ulioshauri subira kwa maumivu mapya ya kiuno. Wapasuaji wa mgongo walikuja juu, wakawafikia wanasiasa, na bajeti ya wakala huyo ikakatwa. Kati ya 1996 na 2001 idadi ya upasuaji wa kuunga pingili Marekani ilipanda kwa asilimia 77.

Hatimaye mizani ililetwa, na walioileta kwa wingi ni watu wa Ulaya ya Kaskazini. Wa mapema zaidi alikuwa Henrik Weber wa Oslo, ambaye mwaka 1983 alichapisha hali ya wagonjwa wa diski aliowafuatilia kwa miaka 10. Wagonjwa 126 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imefifia. Waholanzi wa Leiden walirudia swali hilo kwa wagonjwa 283 mwaka 2007: waliopasuliwa mapema walipona haraka, lakini mwaka ulipokwisha asilimia 95 ya pande zote mbili walikuwa wamepona. Jaribio kubwa la Marekani, lililochapishwa mwaka 2006, lilitibuliwa na wagonjwa wenyewe. Karibu nusu ya waliopangiwa kisu hawakukitaka katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengi waliopangiwa kungoja walishindwa kungoja. Kwa diski iliyopasuka, basi, upasuaji humnunulia mtu muda; anayeumia sana ana haki ya kuununua.

Kwa kiuno kinachouma bila neva kubanwa, habari si njema kwa wenye skrubu. Wasweden mwaka 2001 waliona walioungwa pingili wakipata nafuu zaidi ya waliopewa tiba za kawaida. Lakini Wanorwe mwaka 2003, na Waingereza kwa wagonjwa 349 mwaka 2005, walipoweka upande wa pili mazoezi ya dhati pamoja na kumfundisha mgonjwa asiogope mwendo, tofauti ilipotea au ikawa ndogo mno. Hans Kraus asingeshangaa.

Na kwa mfereji mwembamba wa Verbiest? Kuupanua kunasaidia, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ulikuwa kama skrubu ziongezwe, hasa pale pingili moja inapokuwa imeteleza mbele ya nyingine. Aprili 2016 jarida lilelile la Mixter na Barr, New England Journal of Medicine, lilichapisha majaribio mawili pamoja. Wasweden, kwa wagonjwa 247, hawakuona faida ya kuongeza kuunga. Wamarekani, kwa wagonjwa 66, waliona faida kidogo. Wanorwe waliingia mwaka 2021 kwa wagonjwa 267 wenye pingili iliyoteleza, na kuupanua mfereji peke yake hakukuwa duni.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee Afrika Mashariki. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imekuwa ikifundisha upasuaji wa mgongo kwa ushirikiano na Weill Cornell ya New York tangu mwaka 2008. Leo mpasuaji wa Dar es Salaam anajua kuingiza skrubu, na hana budi kujua, kwa kuwa kifua kikuu cha mgongo na ajali za pikipiki havijaisha; huko ndiko chuma kinakookoa uwezo wa kutembea. Lakini skrubu huagizwa ng'ambo, na aghalabu familia ndiyo inayochanga. Mzee ambaye miguu inamlemea akitembea anastahili kuambiwa kabla ya mchango kupitishwa kwamba kwa wengi wa aina yake tao likiondolewa inatosha. Kuna ambao mgongo wao unacheza mno au umepinda, nao ni suala jingine. Swali la kumuuliza daktari ni moja: skrubu hizi ni za nini kwangu?

Kulinganisha kwote huku kuna mahali pa kukoma. Diski kubwa ikichomoka katikati inaweza kulibana fungu lote la neva za chini kwa mpigo. Dalili zake ni mkojo kugoma au kutoka bila mtu kuhisi, haja kubwa kutoka bila kujijua, ganzi sehemu za siri na pale mtu anapokalia, na miguu yote miwili kulegea. Hakuna anayefanya jaribio la bahati nasibu kwa hali hiyo, kwani neva zikikaa zimebanwa kwa siku kadhaa huenda zisirudi tena. Mwenye dalili hizo asingoje tarehe ya kliniki wala asitafute mchuaji. Aende hospitali yenye wapasuaji siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.